Tumefungwa 27–1, na wachezaji wangu wamekataa kupeana mikono

BARUA

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari ya serikali, huku mikoani, na ndiye ninayeifundisha timu ya besiboli ya wavulana. Nakuandikia kwa sababu ya mambo yaliyotokea katika mechi yetu ya mwisho, ambayo yameigawa timu na kuwagawa wazazi, na mimi mwenyewe sijui nimjibu nini mkuu wangu wa shule.

Tulialikwa kucheza mechi ya kirafiki na shule moja ya jijini. Wenzetu wana uwanja uliosawazishwa vizuri, kila mchezaji ana glavu yake, na wengi wao wameanza mchezo huu wakiwa kidato cha kwanza. Sisi tunachezea kwenye kiwanja cha mpira wa miguu kwa kupokezana na timu nyingine, na glavu tunaazimana. Awamu ya kwanza tulijikaza, wakapata pointi mbili tu. Awamu ya pili mrushaji wetu, kijana wa kidato cha tatu, alipoteza shabaha kabisa. Mpigaji mmoja baada ya mwingine akapewa besi bure, yaani kwenda bila kupiga mpira kwenye kituo cha kwanza kati ya vinne anavyozunguka mchezaji ili kupata pointi, mipira michache iliyopigwa ikawapita walinzi wetu miguuni, na hadi tunamtoa mpigaji wa tatu, wenzetu walikuwa wamekwisha kuongeza pointi kumi na moja. Kuanzia hapo timu ilivunjika moyo. Mechi ilisimamishwa mwishoni mwa awamu ya tano, matokeo yakiwa 27–1.

Kufungwa peke yake tungeweza kuvumilia. Kilichotuuma ni kwamba walipokuwa mbele kwa zaidi ya pointi ishirini waliendelea kuiba besi, yaani kukimbilia besi inayofuata bila kungoja mpira upigwe, na benchi lao likawa linaimba na kutuhesabia kila pointi inayoingia. Mwamuzi alipoziita timu zijipange kwa ajili ya salamu, nahodha wetu alivua glavu, akaibwaga chini, akatembea moja kwa moja hadi kwenye basi, na wenzake wawili wakamfuata. Waliobaki walipita mstarini wakigusisha vidole tu, macho yakiwa chini. Wakati huo mimi nilikuwa nazungumza na mwamuzi kuhusu mwenendo wa wenzetu, kwa hiyo nilipogeuka jambo lilikuwa limekwisha kufanyika. Kocha wao alikuwa amesimama karibu na benchi letu akinisubiri, lakini kwa jinsi hali ilivyokuwa tuliona ni heri tuondoke.

Ndani ya basi niliwakumbusha kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Walinitazama tu. Sasa mkuu wa shule amepata habari na anataka nahodha aondolewe kwenye timu. Baba yake amenipigia simu na kuniambia kwamba mwanawe ana uchungu na timu, na kwamba ni afadhali mtoto mwenye uchungu kuliko wale wanaochekelea kipigo. Mrushaji wetu hajaonekana mazoezini tangu siku hiyo. Na kibaya zaidi, wenzetu watakuja kwetu kwa mechi ya marudiano muhula huu huu, na wachezaji wangu wanasema ama tuifute mechi, ama shule nzima ijitokeze kuwazomea.

Naomba unishauri, Mwalimu. Je, nimwadhibu nahodha? Nani anapaswa kumwomba radhi mwenzake, sisi tuliosusa salamu au wao waliotudhihaki? Na nitawafundishaje vijana hawa kupoteza mechi ya namna ile bila kupoteza na adabu?

Mwalimu wa michezo, mkoani

JIBU

Marahaba, Mwalimu, na poleni kwa safari ile ya kurudi nyumbani. Umeuliza habari za nahodha, lakini mimi nimesimama kwanza kwenye jambo ulilolipitia haraka: kwamba wakati mstari wa salamu unapangwa, wewe ulikuwa kwa mwamuzi ukilalamika. Vijana wa umri ule hutazama mahali alipo kocha wao kabla ya kuamua wao wasimame wapi. Nahodha wako alimwona mtu mzima anayemheshimu akitanguliza malalamiko mbele ya salamu, naye akafanya vilevile kwa namna ya kijana, yaani kwa kubwaga glavu na kuondoka. Sisemi haya ili nikutwishe mzigo wote, maana najua jinsi damu inavyochemka mtu anapoona wanafunzi wake wakidhihakiwa. Nayasema kwa sababu jibu la swali lako la kwanza limo humo. Huwezi kumwondoa mtoto kwenye timu kwa kosa la kutotoa mkono, ilhali kocha mwenzako alisimama kando ya benchi lako akiusubiri mkono wako na hakuupata.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni yako, na isingoje marudiano. Mpigie simu kocha yule wiki hii. Mwambie kwamba siku ile mliondoka bila kuagana, kwamba vijana wako watatu hawakuja mstarini, kwamba unaomba radhi kwa niaba ya timu, na kwamba unawashukuru kwa kuwakaribisha. Ukifika hapo, nyamaza. Kishawishi kikubwa kitakuwa kuongeza neno "lakini" na kuanza kueleza habari za besi zilizoibwa na nyimbo za benchi, na ukiliongeza tu, yote uliyosema mwanzo yatageuka kuwa utangulizi wa mashtaka. Mashtaka yana siku yake, na nitayafikia. Radhi ya kweli haidai malipo ya papo hapo. Yeye akijibu kwa kuomba radhi kwa upande wake, ipokee. Asipojibu, wewe umekwisha kulipa deni lako na unaweza kusimama mbele ya wachezaji wako na kuwaambia umefanya nini.

Na waambie. Watoto wengi hawajawahi kumsikia mtu mzima akisema mbele yao kwamba amempigia mwenzake simu kuomba radhi, na somo hilo litawaingia kuliko methali uliyowapa ndani ya basi. Methali ile ni ya kweli, ila umeitoa kwa vijana waliokuwa wamekwisha kukosea, wakiwa na njaa na aibu, na haikuwaambia wafanye nini kwa mikono yao na macho yao. Wanahitaji kujua kwa vitendo kukubali kushindwa kunafanywaje.

Kabla ya hapo, hata hivyo, wanahitaji kuelewa ni kitu gani kiliwapata, kwa sababu mtu asiyeelewa kipigo hukigeuza kuwa tusi. Vijana wetu wamekulia kwenye mpira wa miguu, na vipimo vyao vya aibu vimetoka huko. Yanga ilipoifunga Simba 5–1 mwezi Novemba 2023, watu walitaniana mitaani kwa majuma mengi, na mabao matano yakahesabiwa kuwa maafa. Mtoto aliyezoea kipimo hicho akiona 27 ubaoni atadhani timu yake imedhalilishwa kuliko timu nyingine yoyote duniani. Lakini mpira wa miguu una saa. Timu iliyoelemewa inaweza kurudi nyuma, kupoteza muda, kupiga mpira nje, na baada ya dakika tisini mateso yamekwisha hata kama haikucheza chochote. Besiboli haina saa. Awamu haiishi mpaka wewe mwenyewe uwatoe wapigaji watatu, na mrushaji wako akishindwa kupeleka mpira kwenye eneo la shabaha, kila mirusho minne mibaya inampa mpigaji besi bure, na besi zikijaa kila besi ya bure inaingiza pointi. Hakuna mahali pa kujificha. Ndiyo maana timu mbili zilizotofautiana kwa uzoefu wa miaka miwili tu zinaweza kumaliza kwa tofauti ya pointi ishirini na zaidi, bila yeyote kuwa na nia mbaya.

Chukua karatasi ya matokeo ya siku ile, kama mwandishi wa mechi aliitunza, ukae na wachezaji na mhesabu pamoja: kati ya pointi zile 27, ngapi zilitokana na besi za bure, ngapi na makosa ya kudaka na kurusha, na ngapi zilitokana na wapinzani kuupiga mpira vizuri kwa uwezo wao. Sijaiona karatasi hiyo, lakini kwa jinsi ulivyoieleza awamu ya pili, nadhani fungu la tatu litakuwa dogo kuliko wanavyofikiri. Zoezi hilo linaondoa sumu. Kijana akiona kwamba sehemu kubwa ya kipigo ilitoka mikononi mwao wenyewe, ataacha kuwatazama wapinzani kama wezi na kuanza kuuliza namna ya kurusha mpira ukafika. Usiwaambie walicheza vizuri, kwa sababu hawakucheza vizuri na wanalijua hilo. Sifa ya uongo baada ya kipigo humfanya mtoto akuone humheshimu.

Tena wasimulie habari hii, ambayo nimeipenda tangu nilipoifahamu. Tarehe 18 Julai 1998, katika mashindano ya mkoa wa Aomori nchini Japani ya kutafuta tiketi ya Koshien, mashindano makuu ya kitaifa ya besiboli ya shule za sekondari yanayochezwa katika uwanja wa jina hilo, shule ya sekondari ya Fukaura, kutoka mji mdogo wa pwani, ilikutana na shule ya Toogijuku kutoka Hirosaki. Fukaura ilikuwa na wachezaji kumi tu, na mchezo unahitaji tisa uwanjani. Awamu ya kwanza peke yake waliingiziwa pointi 39. Awamu ya tano ilipokwisha, matokeo yalikuwa 93–0. Kanuni za mkoa ule wakati huo zilitaka awamu saba ndipo mechi ya namna ile isimamishwe, na kocha aliwauliza vijana wake kama wanataka kuendelea. Wangeweza kujitoa. Kwa kanuni za besiboli timu inayojitoa huandikiwa imefungwa 9–0, na leo hii pengine hakuna ambaye angewakumbuka. Wakaamua kuendelea, na wakafungwa 122–0.

Kuna upande wa pili wa mechi ile ambao unagusa moja kwa moja malalamiko yako. Toogijuku hawakulegeza mkono. Walipiga kwa nguvu na kukimbia kwa nguvu hadi mwisho, na wapo waliowalaumu, lakini wapo wengi katika besiboli ya shule za Japani wanaoamini kwamba kumchezea mpinzani nusu nusu, kwa kumwonea huruma, ndiko kumdharau. Marekani mwelekeo ni tofauti: huko kuiba besi ukiwa umekwisha kuwaacha wenzako mbali sana huhesabiwa utovu wa adabu, ingawa hakuna kanuni iliyoandikwa inayokataza. Sasa tazama jinsi mchezo huu ulivyotufikia. Hapa Tanzania ulianza kuenea mashuleni mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa juhudi za Wajapani, uwanja uliopo Shule ya Sekondari Azania jijini Dar es Salaam ulijengwa kwa msaada wa Japani, na desturi nyingi za wachezaji wetu zimetoka huko, pamoja na ile ya kujipanga mistari miwili na kuinama. Yawezekana kabisa kwamba vijana wale waliendelea kuiba besi kwa sababu ndivyo walivyofundishwa kumheshimu mpinzani. Yawezekana pia kwamba hawakufundishwa chochote. Wewe hujui, na mimi sijui, na ndiyo maana sitaki uanze kwa kuwahukumu.

Kuimba na kuhesabu pointi ni jambo jingine. Hilo ni dhihaka, na halina utetezi katika mila ya nchi yoyote ile. Una haki ya kulisema, na nakushauri ulisemee kwa kocha mwenzako, mkiwa wawili, siku nyingine mbali na ile ya kuomba radhi, kwa sauti ya mtu anayetaka mechi ijayo iwe nzuri kuliko iliyopita. Ndipo hapo pia mtakapokubaliana kanuni za marudiano, na mziandike. Katika besiboli ya vijana kusimamisha mechi iliyoelemea upande mmoja ni jambo la kawaida kabisa: Little League ya Marekani, ambayo mechi zake ni za awamu sita, husimamisha mechi kwa tofauti ya pointi kumi baada ya awamu nne, na hata mashindano makubwa ya dunia ya World Baseball Classic husimamisha kwa pointi kumi na tano baada ya awamu tano. Kubalianeni pointi kumi baada ya awamu tano. Kubalianeni pia kwamba timu ikiwa mbele kwa pointi nane haitaiba besi, na kwamba benchi zote mbili zitawashangilia wachezaji wao bila kuwahesabia wenzao. Kocha mwenye busara atakubali, kwa kuwa naye siku moja atakutana na timu iliyomzidi.

Nirudi kwa nahodha. Zungumza naye peke yake, mbali na wenzake, na usianze kwa kumuuliza kwa nini alifanya vile, maana atakujibu kwa kukutajia makosa ya wapinzani. Anza kwa kumwambia kwamba wewe mwenyewe hukutoa mkono siku ile na kwamba umekwisha kupiga simu. Halafu mwambie kwamba bado ni nahodha, na kwamba unahodha una kazi moja ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya: kuwa wa kwanza mstarini, hasa siku ambayo kila mchezaji anatamani kuwa wa mwisho. Mwombe aandike barua fupi kwa nahodha mwenzake kwa mkono wake, bila wewe kumwamrisha maneno ya kuandika, na siku ya marudiano yeye ndiye aongoze kuwapokea wageni, kuanzia kubeba mifuko yao ya vifaa hadi kuwaonyesha maji yalipo. Kijana aliyetenda kosa hadharani anastahili kupewa nafasi ya kulirekebisha hadharani. Ukimwondoa kwenye timu, unamnyima nafasi hiyo, na wale wawili waliomfuata watajifunza kwamba kosa lao lilikuwa kumfuata mtu aliyekamatwa.

Kama atakataa kuandika, na kukataa kuwapokea wageni, hapo unahodha umpe mwingine, bila makelele, na abaki kuwa mchezaji.

Baba yake ameongea jambo lenye ukweli ndani yake, kwa hiyo usimjibu kama mtu aliyekosea kila kitu. Mtoto anayeumia kwa kufungwa ni hazina kwa kocha yeyote. Mwambie mzee huyo kwamba uchungu wa mwanawe unauthamini na unautaka mazoezini, kwenye mirusho mia na udakaji mia, na kwamba mstari wa salamu unachukua dakika moja tu, baada ya hapo mwanawe yuko huru kulia akitaka. Mweleze jinsi vijana wa Japani wanavyofanya katika uwanja wa Koshien, ambako timu iliyotolewa hujipanga, huvua kofia, huwainamia wapinzani na kisha mashabiki wao, na baada ya kumaliza yote hayo ndipo wachezaji hupiga magoti na kuzoa udongo wa uwanja kwenye mifuko yao huku machozi yakiwatoka mbele ya taifa zima. Hakuna anayewaambia wasilie. Adabu hutangulia, machozi hufuata, na kimoja hakizuii kingine.

Sasa nizungumze habari za yule ambaye hukuniuliza lolote kumhusu, ila umemtaja tu kwamba haji mazoezini. Mrushaji wako ndiye aliyebeba kipigo kile peke yake, akiwa amesimama katikati ya uwanja, kila mtu akimwona akikosa shabaha. Sijui alirusha mipira mingapi katika awamu ile ya pili, lakini kwa pointi kumi na moja haikuwa michache. Mwongozo wa besiboli ya vijana nchini Marekani unamruhusu kijana wa miaka 15 na 16 kurusha mipira isiyozidi 95 kwa siku nzima, na mrushaji aliyepoteza shabaha hutumia mingi kati ya hiyo katika awamu moja. Kumtoa mapema, kabla hajavunjika, ni sehemu ya uungwana wa mchezo kama ilivyo kumpa mpinzani mkono, na kwenye marudiano andaa warushaji watatu hata kama wawili kati yao ni wanafunzi wanaojifunza tu. Lakini kwanza mtafute. Usimtume mwenzake, wala usimwite ofisini. Mfuate anapokaa wakati wa mapumziko, umuulize mkono wake unaendeleaje, na umwambie kwamba glavu yake ipo. Wenzake nao wamsalimie kabla ya kumsalimia mpinzani yeyote. Timu inayompa mkono mgeni huku imemsusia mrushaji wake haijajifunza chochote kuhusu kushindwa.

Ukitaka mfano wa kumpa, mpe wa watu wazima wanaolipwa mamilioni. Tarehe 22 Agosti 2007 timu ya Baltimore Orioles, ya ligi kuu ya Marekani, ilifungwa 30–3 na Texas Rangers kwenye uwanja wake yenyewe, mbele ya mashabiki wake. Ratiba ya siku ile ilikuwa na mechi mbili. Jioni hiyo hiyo walivaa tena jezi, wakatoka, wakacheza na timu ile ile, na walipoteza tena, safari hii kwa 9–7. Au umwambie habari za majirani zetu: mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League kule Pennsylvania, wakapoteza mechi zao mbili za kwanza, kisha wakaifunga timu ya Oregon 3–2.

Umeniuliza utawafundishaje. Salamu ya baada ya mechi ifanyie mazoezi, kama unavyofanyia mazoezi kudaka mpira wa juu, kwa sababu mwili uliochoka na wenye hasira hufanya kile ulichozoea kufanya. Kila mnapogawana timu mbili mazoezini, hata kwa mchezo wa awamu mbili, malizeni kwa mstari. Glavu ibaki mkono wa kushoto au iwekwe chini ya kwapa, kofia ivuliwe, kiganja kizima kitolewe badala ya ncha za vidole, macho yamtazame mwenzako usoni, na kila mchezaji aseme maneno machache yanayosikika. "Asante kwa mchezo" yanatosha. Walioshindwa ndio watangulie kuufikia mstari. Baada ya hapo kila mmoja amtafute mchezaji mmoja wa upande wa pili na kumtajia jambo moja alilolifanya vizuri, jambo mahususi, kama vile ule mpira alioudaka kwa kujirusha au ule aliourusha kutoka mbali ukafika besi ya nyumbani bila kudunda. Hili la mwisho litawapa shida mwanzoni, watacheka na kuona haya. Waache wacheke, na mwendelee. Litawalazimisha kuutazama mchezo wa mpinzani wakati wa mechi, na mchezaji anayemtazama mpinzani kwa makini hana muda wa kuhesabu matusi.

Zingatia pia awamu za mwisho, maana adabu ya aliyeshindwa haianzi mechi inapokwisha. Mmefungwa 27–1, nataka kujua walinzi wako wa nje walikuwa wakitembea au wakikimbia kwenda kwenye nafasi zao katika awamu ya tano, na ile pointi yenu moja iliingiaje na nani aliishangilia. Wape kazi ndogo za kutimiza wakati matokeo yamekwisha kuamuliwa: kukimbia hadi besi ya kwanza hata mpira ukiwa umedakwa wazi, kumfunika mwenzako anapokosea, kuzungumza uwanjani. Anayecheza hivyo hadi mpira wa mwisho hufika mstarini akiwa na kitu mkononi cha kumpa mpinzani. Aliyekwisha kukata tamaa tangu awamu ya pili hufika mstarini akiwa na aibu tu, na aibu hutafuta mlango wa basi.

Kuhusu kuifuta mechi ya marudiano, sikubaliani kabisa, na kuhusu kuwazomea wageni, zungumza na viranja wa shule mapema, kwa sababu wachezaji wako wakijizuia na wanafunzi wengine wakazomea, wageni hawatajua tofauti. Waeleze viranja sababu, usiwape amri tu.

Mkuu wako wa shule anastahili jibu la maandishi. Mweleze yaliyotokea bila kupunguza, sehemu yako ikiwemo, umjulishe kwamba umekwisha kuwasiliana na shule ile, mwombe suala la nahodha lisubiri hadi baada ya marudiano, na umkaribishe siku hiyo afike kabla mchezo haujaanza, ili wageni wapokelewe langoni na yeye mwenyewe akiwa pamoja na nahodha.